Shoti Mbili: Kufundisha Hatari ya Mkondo Mkubwa Katika Betri za Umeme wa Jua

Mwalimu anayepangiwa kazi kijijini siku hizi hukuta umeme wa jua umemtangulia. Hukuta paneli juu ya bati la jirani, betri kwenye kona ya duka, na pengine kundi zima la betri, lile ambalo mafundi huliita benki ya betri, ndani ya chumba wanamolala watoto. Hukuta pia imani moja iliyotulia vichwani mwa wazazi na wanafunzi, kwamba umeme huu ni mpole. "Ni volti kumi na mbili tu, mwalimu, haupigi." Kauli hiyo ina ukweli ndani yake, na ukweli huo ndio unaoifanya iwe ya hatari.

Makala haya yamekusudiwa kumsaidia mwanachuo kuandaa somo juu ya jambo hili kwa madarasa ya juu ya shule ya msingi. Yamekusudiwa pia kumpa yeye mwenyewe maarifa ya namna kundi la betri linavyofungwa kwa usalama. Mambo hayo mawili hayana kipimo kimoja. Mwanafunzi hatafunga betri, ila ataelewa kwa nini zifungwe vile na si vinginevyo. Mwalimu naye hataacha kuulizwa, kwa maana kijijini mtu aliyesoma sayansi chuoni huhesabiwa kuwa fundi, apende asipende. Afadhali ajue mambo ya kujibu na mambo ya kumwachia fundi mwenye leseni.

Neno moja, mambo mawili

Tuanze na lugha, kwa kuwa kosa lenyewe linaanzia huko. Katika Kiswahili cha kila siku twasema kwamba mtu "amepigwa shoti", tukiwa na maana kwamba umeme umepita mwilini mwake. Twasema tena kwamba nyumba "imeungua kwa shoti", tukiwa na maana kwamba nyaya mbili zimegusana, mkondo ukapita njia ya mkato pasipo kufanya kazi yoyote. Mtoto akiambiwa kwamba betri ya sola "haina shoti", huyachukua yote mawili kwa mkupuo mmoja: haipigi, basi haichomi.

Yafaa mwalimu ayatenge ubaoni katika mafungu mawili, "shoti ya mwili" na "shoti ya nyaya". Majina hayo si ya kamusi. Ni ngazi ya kupandia, nayo yaweza kuachwa darasa likisha kufika juu.

Sababu ya tofauti ni ukinzani. Mwili wenye ngozi kavu una ukinzani wa maelfu ya omu. Tuseme ni omu 10,000. Ukigawa volti 12 kwa kiasi hicho wapata ampea 0.0012, mkondo ambao kwa kawaida mtu hata hausikii. Huo ndio upole unaosemwa. Sasa chukua spana ya chuma iliyoangukia ncha mbili za betri ile ile. Spana karibu haina ukinzani, na kinachobaki kuuzuia mkondo ni ukinzani wa ndani wa betri yenyewe. Kwa betri nzima ya risasi ya ampea-saa 100, ukinzani huo waweza kuwa omu 0.005 hivi. Gawa tena 12 kwa 0.005: ampea 2,400. Mkondo wa namna hiyo huifanya spana kuwa nyekundu na kuyeyusha ncha ya betri. Kama kilichokuwa katikati ni pete, kidole huungua hadi ndani kabla mwenyewe hajapata nafasi ya kuvuta mkono.

Volti ni zile zile 12. Kanuni ya Georg Ohm, iliyochapishwa mwaka 1827, haikusema kwamba volti chache huleta mkondo mdogo. Ilisema kwamba mkondo ni volti zikigawanywa kwa ukinzani, na mwenye kusahau nusu ya pili ya kanuni hiyo hujifariji kwa nusu ya kwanza.

Jaribio la seli mbili

Somo lisianze kwa makatazo. Mwanafunzi aliyekwisha kumwona kaka yake akishika ncha za betri kwa vidole pasipo kudhurika hatamsadiki mwalimu anayeingia na neno "msiguse". Atamwona mwoga tu. Mwalimu na aanze kwa kukubali kile ambacho mtoto amekiona kwa macho yake.

Zana ni chache: seli kavu mbili kubwa za redio, za volti 1.5 kila moja. Kipande cha mpira wa baiskeli cha kuzifungia pamoja kwa mfuatano. Vipande viwili vya waya. Na nyuzi chache za stilwaya, ule waya laini wa kusugulia sufuria. Kiandaliwe pia kigae cha kufanyia jaribio, na kopo la mchanga kando yake. Mwalimu amwite mwanafunzi mmoja aguse ncha mbili za seli kwa vidole vikavu, alieleze darasa anachosikia. Atasema hasikii kitu. Kisha mwalimu mwenyewe, wala si mwanafunzi, aweke nyuzi mbili tatu za stilwaya juu ya kigae na kuzigusisha na nyaya zinazotoka katika seli zile zile. Nyuzi huwa nyekundu ghafla, zikawaka, zikakatika.

Hapo darasa hunyamaza, na ukimya huo usipotezwe. Mwalimu asieleze kwanza. Aulize: volti zilikuwa ngapi mara ya kwanza? Zilikuwa ngapi mara ya pili? Basi ni kitu gani kilichobadilika? Aghalabu jibu la awali huwa kwamba stilwaya ni nyembamba kuliko kidole. Lisikataliwe, maana litahitajika baadaye tutakapofika kwenye unene wa nyaya. Baada yake hutokea mwanafunzi wa kusema kwamba chuma "hupitisha" kuliko ngozi. Hilo ndilo la kukamata na kuandika ubaoni, na ndipo neno ukinzani liletwe. Neno likija baada ya jambo hukaa. Likitangulia, hukaririwa na kusahauliwa.

Jaribio hili lisifanywe kwa betri ya gari, ya pikipiki wala ya sola. Seli kavu ina ukinzani wa ndani unaoizuia yenyewe, hata ncha zake zikigusanishwa hutoa ampea chache tu. Betri ya risasi haijizuii. Nimewahi kukagua andalio la somo, zuri katika mambo mengine yote, ambalo katika orodha ya zana liliandikwa "betri ya pikipiki, 1". Nililirudisha kwa mwenyewe kabla hajaingia darasani. Mwanachuo mwenye shauku hupenda tukio kubwa, lakini cheche ndogo juu ya kigae yatosha kabisa kwa fikra tunayoitaka.

Joto na kipeo cha pili

Mwaka 1841 Mwingereza James Joule alitangaza matokeo ya majaribio yake juu ya joto la nyaya: joto linalotokea kwa muda fulani hufuata ukinzani ukizidishwa kwa kipeo cha pili cha mkondo. Mwanafunzi wa darasa la sita anajua kipeo cha pili katika Hisabati, ila hajawahi kuona kikichoma kitu. Hapa ndipo masomo mawili yanapokutana, na mwalimu asiiache nafasi hiyo impite.

Chukua kiungo kimoja kilicholegea, chenye ukinzani wa omu 0.01. Nyumba inatumia taa na redio, jumla ampea 5. Joto la kiungo ni 5 mara 5 mara 0.01, yaani wati 0.25, nalo hakuna atakayelihisi. Mwenye nyumba akafanikiwa, akanunua jokofu na inveta, mkondo ukafika ampea 93. Kiungo ni kile kile, hakuna aliyekigusa, lakini joto lake sasa ni 93 mara 93 mara 0.01: zaidi ya wati 86. Chuma cha fundi redio cha kuyeyushia risasi mara nyingi ni cha wati 30 hadi 60. Basi mahali pale, nyuma ya betri, karibu na pazia au makuti, pamewekwa chuma cha kuyeyushia risasi chenye nguvu kuliko cha fundi, na hakuna anayejua kuwa kipo.

Wazazi wengi hushangaa kwamba mfumo uliokaa miaka mitatu salama umeungua juma moja baada ya kuongezwa kifaa kipya, nao hukilaumu kifaa. Mwanafunzi aliyekwisha kuipiga hesabu hii atakuwa na swali jingine la kuuliza nyumbani.

Nyumba moja kwa mfano

Tuchukue nyumba yenye inveta ya wati 2,000 na betri nne za risasi, kila moja ya volti 12 na ampea-saa 100. Kwa vyovyote zitakavyopangwa, akiba yake ni ile ile: 4 mara 12 mara 100, wati-saa 4,800. Lakini mkondo haubaki ule ule. Zote nne zikiwekwa sambamba, volti ni 12, na inveta ikifanya kazi yake yote hudai ampea 167. Na kwa kuwa inveta yenyewe hupoteza kama sehemu moja ya kumi, tuseme 185. Zikiwekwa mbili mbili kwa mfuatano, kisha jozi hizo sambamba, volti ni 24 na mkondo ni ampea 93. Zote nne zikiwa katika mfuatano mmoja, volti ni 48 na mkondo ni ampea 46. Betri zikipungua chaji, volti hushuka na mkondo huzidi hayo.

Kwa kazi hiyo hiyo ya wati 2,000, waya wa nyumbani wa volti 230 hubeba ampea 9 hivi. Hapo ndipo chanzo cha kosa lilio la kawaida kuliko yote: mtu huchukua waya wa soketi, wa milimita mraba 2.5, ambao amezoea kuuona ukiendesha pasi na jiko, akautumia kati ya betri na inveta. Mita mbili kwenda na mita mbili kurudi za waya huo wa shaba zina ukinzani wa omu 0.028. Kwa ampea 9 hutoa joto la wati mbili na ushei. Kwa ampea 93 hutoa wati 242. Kwa ampea 185 hutoa karibu wati 960, sawa na jiko dogo la umeme lililonyooshwa ukutani, nalo limevikwa plastiki ambayo kwa kawaida haikutengenezwa kuvumilia zaidi ya nyuzi 70 za joto. Waya wa milimita mraba 35, wa urefu ule ule, una omu 0.002. Kwa ampea 93 hutoa wati 17, na volti zinazopotea njiani hazifiki 0.2.

Kutokana na hesabu hizi mwanachuo ataona mwenyewe mambo matatu ambayo fundi mzuri huyafanya bila hata kuyaeleza. Huchagua volti 24 au 48 kwa inveta kubwa. Huiweka inveta karibu na betri, kisha ndipo huzivuta nyaya ndefu za volti 230. Hununua waya mnene, hata mwenye nyumba akinung'unikia bei. Mimi ningesema kwamba inveta ya wati 2,000 kwa volti 12 isifungwe kamwe nyumbani, ingawa zinauzwa.

Kuna hila moja sokoni ya kuiangalia. Nyaya nyingine nene zinazouzwa kuwa za shaba ni za alumini iliyopakwa shaba juu. Kata uzi mmoja au ukwaruze kwa kisu: ukionekana mweupe ndani, si shaba. Ukinzani wa alumini ni mara 1.6 ya ule wa shaba, kwa hiyo jedwali la shaba halifai kwa waya huo.

Mahali pa fyuzi

Waulize wanachuo ishirini fyuzi inalinda nini, na wengi watajibu kwamba inalinda inveta. La hasha. Fyuzi inalinda waya. Inveta ina vilinzi vyake ndani, na ikiungua, hasara ni fedha. Waya ukiungua, hasara ni nyumba.

Kutokana na hilo swali la mahali hujijibu. Waya uanzie kwenye fyuzi, na fyuzi iwe karibu na ncha chanya ya betri kadiri iwezekanavyo. Fyuzi iliyofungwa mwisho wa waya, pale kwenye inveta, inaacha mita zote za katikati bila mlinzi. Panya akila plastiki katikati ya njia, au bati likaukwaruza waya hadi ukagusana na mwenziwe, mkondo utatoka kwenye betri na kurudi kwenye betri bila ya kuipitia fyuzi. Chora picha hiyo ubaoni kwa chaki ya rangi, kisha waulize wanafunzi wafuatishe njia ya mkondo kwa kidole. Sijaona mchoro mwingine unaofundisha zaidi kwa dakika mbili.

Kipimo cha fyuzi kiwe juu ya mkondo wa kazi na kisizidi kile ambacho waya unaweza kubeba. Katika mfano wetu wa volti 24, mkondo ni ampea 93. Ukiongeza robo kwa tahadhari wapata 116, basi fyuzi ni ya 125, na waya wa milimita mraba 35 unaweza kuubeba mkondo huo ukiwa mahali penye hewa. Ukiwa ndani ya sanduku la mbao chini ya bati la moto, uchukuliwe wa 50. Fyuzi inapokatika, asiwekewe mtu yeyote ushawishi wa kuweka kubwa zaidi ili "isisumbue". Msumari au waya uliopachikwa mahali pa fyuzi ni jambo ambalo mwalimu analiona mwenyewe akitembelea nyumba za kijiji, na asiogope kulisema.

Fyuzi nayo ina uwezo wake wa kukata. Kidude cha kioo cha redio, au fyuzi ndogo ya gari, huyeyuka mbele ya mkondo wa maelfu ya ampea, lakini cheche huendelea kuruka pale palipoyeyuka na mkondo haukomi. Kwa kundi la betri zinatakiwa fyuzi zilizoandikwa kwamba ni za mkondo mnyoofu, na zenye uwezo wa kukata mkondo mkubwa wa shoti. Kwa betri za lithiamu jambo hili ni la lazima zaidi. Ukinzani wao wa ndani ni mdogo hata kuliko wa zile za risasi, na kilinzi cha elektroniki kilichomo ndani yake hakichukui nafasi ya fyuzi.

Umeme usiojizima

Kwa nini swichi ya ukutani isitumike upande wa betri? Swali hili wanafunzi huliuliza wenyewe, nalo ni zuri. Umeme wa gridi ni mkondo geu: hapa kwetu hugeuka mizunguko 50 kila sekunde, kwa hiyo hupita sifuri mara 100 kila sekunde. Swichi inapofunguliwa, cheche iliyozuka hupata nafasi ya kufa mara mkondo unapofika sifuri. Umeme wa betri ni mkondo mnyoofu, haufiki sifuri kamwe. Cheche ikishazuka hunyooka na kuendelea, ikila chuma cha swichi na kuwasha plastiki yake. Swichi na vikatizi vya upande wa betri na wa paneli sharti viwe vimeandikwa kwamba ni vya mkondo mnyoofu, kwa volti za mahali pale.

Nimetaja paneli, na hapa upole unakoma kabisa. Paneli kadhaa zilizounganishwa kwa mfuatano huweza kuvuka volti 100. Hiyo ni shoti ya mwili, nayo huua. Wala huwezi kuizima paneli maadamu jua linawaka.

Betri zivute kwa usawa

Betri zilizo sambamba zapaswa kugawana kazi sawa. Fikiri betri nne zimepangwa mstari, zimeunganishwa chanya kwa chanya na hasi kwa hasi, na nyaya mbili za kwenda kwenye inveta zimefungwa zote kwenye betri ya kwanza. Mkondo wa betri ya nne una vipande sita vya waya vya kupita, na ule wa betri ya kwanza hauna hata kimoja. Kwa ampea chache tofauti hiyo si kitu, lakini kwa ampea nyingi betri ya kwanza hubeba zaidi ya fungu lake na kuchakaa mapema. Tiba yake haina gharama: waya chanya utoke kwenye betri ya kwanza, na waya hasi utoke kwenye ya mwisho. Kwa betri mbili usawa huwa kamili. Kwa nne husogea karibu. Bora zaidi ni kila betri, au kila mfuatano, kuwa na waya wake wa urefu mmoja na fyuzi yake, zote zikikutana kwenye bapa nene la shaba. Betri ziwe za aina moja, umri mmoja na chaji moja. Kuchanganya mpya na kuukuu ni kuizeesha mpya.

Viungo na mpango wa kazi

Mwisho wa waya mnene hubanwa ndani ya kipande cha shaba chenye tundu, kile ambacho mafundi hukiita lagi. Kibanwe kwa chombo chake, si kwa nyundo. Lagi iguse uso wa ncha ya betri moja kwa moja, na washa ya chuma iwe juu ya lagi, isiwekwe katikati. Ncha isuguliwe hadi ing'ae, kiungo kikazwe, kisha kipakwe mafuta ya mgando kuzuia kutu.

Fundi avue pete, saa na mkufu. Spana zake zivikwe tepu hadi karibu na mdomo, na ncha za betri ambazo hazishughulikiwi zifunikwe. Chumba kiwe na hewa ya kutosha, kwa sababu betri ya risasi inapochajiwa hutoa haidrojeni, nayo ikifika asilimia 4 ya hewa huweza kulipuka kwa cheche moja. Asidi ikirukia ngozi au macho, ioshwe kwa maji mengi papo hapo. Kwa macho maji yaendelee kwa robo saa, kisha mtu apelekwe hospitali.

Kabla ya kufunga kiungo cha mwisho, voltmita itangulie. Katika mfano wetu, jozi mbili za volti 24 zikiwa zimeunganishwa hasi kwa hasi, pima kati ya chanya na chanya. Ikionyesha karibu na sifuri, mambo ni sawa. Ikionyesha 48, jozi moja imegeuzwa, na aliyetaka kufunga kiungo hicho ameepuka moto kwa sekunde chache. Vidhibiti vingi vya chaji hutaka betri iunganishwe kwanza, paneli baadaye. Inveta kubwa nayo humeza mkondo mwingi kwa ghafla inapounganishwa mara ya kwanza na kutoa cheche kali. Mafundi waangalifu huijaza kwanza kwa sekunde chache kupitia balbu ya lori ya volti 24, kisha ndipo huweka fyuzi.

Kazi ikiisha, washa mzigo mkubwa na upime volti kati ya pande mbili za kila kiungo. Kwa ampea 93, kiungo kinachoonyesha volti 0.01 hakifiki wati moja ya joto, nacho kimefungwa vema. Kinachoonyesha 0.5 kina wati 46, na mzigo uzimwe mara moja.

Darasani

Katika hayo yote, mwanafunzi wa shule ya msingi apewe nini? Napendekeza vipindi viwili. Cha kwanza ni jaribio la stilwaya na mgawanyo wa shoti mbili, pamoja na hesabu moja ya ukinzani. Cha pili ni hesabu ya kiungo kilicholegea, kisha mchoro wa fyuzi. Kati yake wanafunzi wanaweza kupanga seli kavu nne kwa namna tatu na kuzipima kwa voltmita: volti 1.5, 3 na 6, huku wakilinganisha na betri za nyumba yetu ya mfano. Ukinzani wa waya kwa milimita, mpango wa bapa la shaba na balbu ya lori viachwe. Ni vya mwalimu.

Mwalimu asiwatume wanafunzi kwenda kukagua betri za nyumbani kwao. Kazi hiyo huonekana nzuri katika andalio, lakini huwapeleka watoto na mikono yao mahali pale pale tunapotaka wakae mbali napo. Wapewe maswali ya kumuuliza mzazi wakiwa wamesimama mlangoni: fyuzi iko wapi? Waya wa kwenda inveta una unene gani ukilinganishwa na wa soketi? Nani hulala katika chumba hicho?

Mazoezi kwa mwanachuo

1. Inveta ya wati 1,000 inafungwa kwa betri ya volti 12. Tafuta mkondo wake, ukihesabu hasara ya sehemu moja ya kumi. Eleza kwa mzazi asiyejua hesabu kwa nini waya wa pasi hautoshi.

2. Chora kundi la betri nne la volti 24 kwa namna ambayo mwanafunzi wa darasa la sita ataweza kufuatisha njia ya mkondo kwa kidole. Weka fyuzi mahali pake, kisha chora tena ukiiweka mahali pasipofaa na uandike swali ambalo picha hizo mbili zitaliibua.

3. Mwanafunzi anakuambia: "Baba hushika ncha za betri kila siku wala hadhuriki." Andika maneno utakayomjibu, pasipo kumfanya baba yake kuwa mwongo.